Mtoto akiharisha, kikombe kitangulie dripu

Chupa inayoning'inia kitandani inaheshimiwa kuliko pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji. Heshima hiyo imejengwa juu ya picha isiyo sahihi ya utumbo, na wanaoilipia ni watoto.

Mtoto wa kilo 10 ameharisha tangu alfajiri. Mama amemfunga mgongoni hadi zahanati, amekaa kwenye foleni, na zamu yake ilipofika mhudumu akamtazama mtoto macho, akaibana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuiachia, akamnywesha kijiko cha maji aone kama anayapokea. Kisha akatoa pakiti mbili za ORS na vidonge vya zinki, akaeleza namna ya kuchanganya. Mama amevipokea kwa shingo upande. Alikuja kutafuta tiba, na anachorudi nacho nyumbani ni unga wa kukoroga kwenye maji. Jioni ikifika na choo bado ni maji matupu, kama ana akiba au ndugu wa kumkopesha, atakwenda kliniki ya mtaani, mtoto atatundikiwa dripu, na nyumba nzima itashusha pumzi.

Kisa cha namna hii kinaweza kutokea Mbagala, Kisauni au Kawempe wiki yoyote, hasa mvua zikishaanza. Hakuna mtu mbaya ndani yake. Mama anampenda mwanawe, mhudumu wa kwanza alifuata mwongozo, na wa pili alimpa mteja alichokiomba. Hata hivyo kuna kosa, na makala haya yanashikilia kwamba kosa hilo linaanzia kwenye namna tunavyouelewa mwili. Wengi wetu tunauona utumbo unaoharisha kama bomba lililotoboka: kila kinachomiminwa juu kitatokea chini. Ukishaukubali mfano huo, dripu inakuwa jibu pekee lenye mantiki, kwa sababu inalikwepa bomba na kuyapeleka maji moja kwa moja kwenye damu. Fiziolojia ya utumbo inasema vingine, na imekuwa ikisema hivyo kwa zaidi ya miaka 60.

Jambo lenyewe ni zito. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kuhara huua zaidi ya watoto 440,000 walio chini ya miaka 5 kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini. Duniani kote, watoto wanaopewa ORS wanapoharisha hawafiki nusu. Dawa ipo, ni ya bei ndogo, haihitaji sindano wala jokofu, na bado mtoto mmoja kwa kila wawili haipati.

Kiungo kinachokunywa

Tuanze na hesabu ya siku ya kawaida ya mtu mzima mwenye afya. Kwa chakula na vinywaji huingiza maji kama lita 2. Juu ya hayo, mwili wenyewe humwaga ndani ya njia ya chakula kiasi kinachozidi hicho mara tatu: mate, majimaji ya tumbo, nyongo kutoka kwenye ini, majimaji ya kongosho, na yale yanayotolewa na kuta za utumbo. Jumla hukaribia lita 9. Utumbo mwembamba huzirudisha mwilini karibu zote, lita 1.5 hadi 2 hivi hufika utumbo mpana, na kinachotoka na choo ni mililita 100 hadi 200 tu. Tumezoea kuutaja utumbo kama mahali pa kusaga chakula, na shuleni mchoro wake hufundishwa hivyo. Kwa kipimo cha ujazo, kazi yake kubwa ni kunywa.

Umbo lake limefuata kazi hiyo. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba una mikunjo. Juu ya mikunjo kumeota vinyweleo visivyozidi milimita moja hivi. Na kila seli iliyo juu ya kinyweleo ina vinyweleo vingine vinavyoonekana kwa hadubini tu. Watafiti wa Uswidi, Helander na Fändriks, walipolipima upya eneo hilo mwaka 2014 walikadiria kwamba njia nzima ya chakula ina mita za mraba 30 na ushei. Ni pungufu sana kuliko uwanja wa tenisi uliotajwa vitabuni kwa miaka mingi, lakini ni eneo kubwa kwa kitu kinachokaa ndani ya tumbo la mtu. Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba seli za ukuta huo huishi siku chache tu, kisha hupukutika na nafasi zao kuchukuliwa na mpya zinazopanda kutoka chini. Ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazojijenga upya kwa kasi kubwa zaidi.

Sasa maji yenyewe huvukaje ukuta? Mwili hauna pampu ya maji. Maji huelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi, kwa hiyo kinachofanywa na seli za utumbo ni kuihamisha chumvi na kuyaacha maji yafuate. Injini ya kazi hiyo iko nyuma ya seli, upande unaoelekea kwenye damu. Ni pampu iliyoelezwa na Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957, ambayo hutoa chembe 3 za sodiamu kila inapoingiza 2 za potasiamu. Ilimpa Skou sehemu ya Tuzo ya Nobel miaka 40 baadaye. Kwa kuwa pampu huiacha seli na upungufu wa sodiamu, sodiamu iliyomo ndani ya utumbo husukumwa kuingia, lakini haiwezi kupenya utando wa seli bila mbebaji. Mbebaji mmojawapo ndiye kiini cha hoja yote. Huyu hachukui sodiamu peke yake. Huchukua chembe 2 za sodiamu pamoja na moja ya glukosi, zote kwa mkupuo mmoja. Mwanabiokemia Mmarekani Robert Crane aliieleza kanuni hiyo kwenye mkutano wa kisayansi mjini Prague mwaka 1960. Chumvi ikija na sukari kwa kipimo kinachofaa, zote mbili huingia kwa wingi, na maji huja nyuma yake.

> Maji hufuata chumvi, na chumvi huingia pamoja na sukari. Pakiti ya ORS haina siri nyingine.

Kipindupindu ndicho mtihani mgumu kuliko yote kwa kanuni hii. Pwani yetu inaujua ugonjwa huo tangu zamani: daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko yake Afrika Mashariki. Mwaka 2015 mlipuko ulioanzia Dar es Salaam ulienea nchini Tanzania, na watu zaidi ya 20,000 wakaugua. Sumu ya bakteria wake hujishika kwenye seli za ukuta wa utumbo na kuwasha ndani yake ishara ya kemikali isiyozimika, na ishara hiyo hufungua njia zinazotoa kloraidi. Sodiamu hufuata kloraidi, maji hufuata zote mbili. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Sumu hiyo pia huziba njia mojawapo ya kawaida ya kunyonya chumvi. Lakini mbebaji wa sodiamu na glukosi haguswi. Anaendelea kufanya kazi hata choo kinapotoka kama maji ya mchele.

Rotavirusi, inayowashika zaidi watoto wadogo, ina njia nyingine. Yenyewe huua seli za ncha za vinyweleo, kwa hiyo sehemu ya uwezo wa kunyonya hupotea kweli. Hata hivyo uharibifu huwa wa hapa na pale, sehemu iliyosalimika huwatosha watoto walio wengi, na seli mpya tayari ziko njiani. Ndiyo maana pakiti ileile hutumika bila kusubiri maabara iseme ni kijidudu gani.

Kosa lililotoka mochwari

Swali la haki ni hili: ikiwa utumbo una uwezo huo, kwa nini madaktari wenyewe walichelewa kuutumia? Jibu linahusu anatomia. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kipindupindu hubandua utando wa ndani wa utumbo, na kwamba vipande vinavyoelea kwenye choo cha mgonjwa ni mabaki ya ukuta huo. Ushahidi ulitoka kwa maiti. Lakini utando wa utumbo ni wa kwanza kuoza mtu akishakufa, na kilichoonekana mezani mochwari kilikuwa kazi ya kifo, si ya ugonjwa. Wakati wa mlipuko wa Bangkok wa mwaka 1959, Eugene Gangarosa na wenzake walitumia kifaa kidogo kinachomezwa kuchukua vipande vya utumbo kutoka kwa wagonjwa walio hai. Utando ulikuwa mzima. Imani iliyowafanya madaktari waupe utumbo mgongo ikaanguka kwa kutazama mwili ulio hai badala ya uliokufa.

Hata hapo njia haikunyooka. Hemendra Nath Chatterjee wa Calcutta alikuwa ameandika katika jarida la Lancet mwaka 1953 kuhusu wagonjwa wa kipindupindu aliowanywesha maji yenye chumvi na glukosi wakapona, na wachache walimjali. Kisha Robert Phillips, daktari wa jeshi la majini la Marekani, alijaribu kuwanywesha wagonjwa nchini Ufilipino mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mchanganyiko wake ulikuwa na chumvi nyingi mno, na wagonjwa kadhaa wakafariki. Tukio hilo lisifichwe na yeyote anayeitetea ORS, kwa sababu linatufundisha jambo ambalo tutalirudia: kipimo ndicho dawa. Mwaka 1968 mjini Dhaka, David Nalin, Richard Cash na wenzao walirekebisha mchanganyiko na kumnywesha kila mgonjwa kiasi kinacholingana na alichopoteza. Mahitaji ya dripu yakashuka kwa karibu asilimia 80.

Kilichofuata hakikupangwa na mtafiti yeyote. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya watu kuvuka mpaka kuingia India, na kipindupindu kikazuka kambini Bongaon. Daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala sakafuni, na dripu alizokuwa nazo zikakaribia kwisha. Akaamua kuchanganya chumvi, soda ya magadi na glukosi kwenye mapipa yenye bomba, akawapa ndugu wa wagonjwa vikombe, akawaambia wanyweshe. Kambini humo vifo, ambavyo vilikuwa vimefika asilimia 30 hivi, vilishuka hadi chini ya 4 miongoni mwa waliotibiwa hivyo. Si wauguzi waliowaokoa wengi wao. Ni mama, kaka na majirani waliokaa na kikombe usiku kucha. Mwaka 1978 tahariri ya Lancet iliutaja ugunduzi wa ushirikiano wa chumvi na sukari kuwa huenda ndio hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne ile.

Ndani ya chupa kuna nini

Dripu inaheshimiwa kwa sababu inaonekana: kuna chupa, kuna mpira, kuna sindano, kuna mtaalamu. Tuitazame basi kwa kilichomo. Lita moja ya dripu ya chumvi ya kawaida ina gramu 9 za chumvi na maji, basi. Haina potasiamu, ambayo mtoto anayeharisha huipoteza kwa wingi na ambayo misuli, pamoja na moyo, huihitaji. Lita ya dripu ya sukari ya asilimia 5, ile inayosifiwa kwa kurudisha nguvu, ina gramu 50 za sukari, sawa na vijiko 12 hivi vya chai, bila chumvi yoyote; miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema haifai kutibu upungufu wa maji. Lita ya ORS ina gramu 2.6 za chumvi, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloraidi ya potasiamu na 2.9 za sitrati ya kupunguza tindikali inayojikusanya kwenye damu. Ukiviweka vitu hivi vitatu mezani na kuvisoma, pakiti ndiyo iliyokamilika. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, madaktari huchagua Ringer, dripu yenye potasiamu na kitu cha kupunguza tindikali, na hata hiyo huandamana na ORS mara mgonjwa anapoweza kunywa.

Je, matokeo yanalingana na karatasi? Mapitio ya majaribio 17 yaliyohusu watoto zaidi ya 1,800 wenye kuharisha, yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2006, yalikuta kwamba kwa kila watoto 25 wanaotibiwa kwa kunywa, mmoja hushindwa na kulazimika kuwekewa dripu. Waliobaki 24 hawakuihitaji. Waliowekewa dripu walipata zaidi uvimbe wa mishipa ya damu, jambo linaloeleweka: sindano ni tundu kwenye ngozi, na ngozi ndiyo ukuta wa kwanza wa kinga ya mwili.

Kuna ushahidi mwingine uliotoka hapahapa kwetu. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Baadhi walipewa maji mengi ya dripu kwa kasi, wengine hawakupewa kwa kasi hiyo. Ndani ya saa 48, waliokufa katika makundi ya maji ya kasi walikuwa asilimia 10.5 hivi, katika kundi lisilopewa, asilimia 7.3. Ni lazima kuwa mwangalifu hapa. Watoto wenye kuhara na kutapika kama ugonjwa mkuu hawakuwemo, kwa hiyo FEAST haituambii kwamba dripu ni mbaya kwa mtoto aliyekaukiwa maji. Inatuambia jambo finyu lakini muhimu, kwamba maji yanayoingia kwenye mshipa ni dawa yenye nguvu na yanaweza kuua. Utumbo una namna ya kukataa kilichozidi: mtoto hushiba, hugeuza uso, hutapika. Mshipa hauna.

> Watoto 25 wakitibiwa kwa kunywa, mmoja ndiye atakayehitaji dripu.

Wanaopinga wana hoja

Hoja ya kwanza ya wazazi ni kwamba ORS haizuii kuharisha. Ni kweli tupu, na wahudumu wanaoahidi kinyume chake wanaiharibia dawa jina. Mtoto anaweza kunywa vikombe vyote na choo kikaendelea kuwa maji kwa siku kadhaa. Lakini tuulize kuhara kunaua kwa njia gani. Mtoto wa kilo 10 ana damu ya takriban mililita 800. Anapopoteza maji, damu nayo hupungua ujazo, na mwili hujitetea kwa mpangilio maalumu: kiu hupanda, figo huuzuia mkojo, moyo hupiga mbio, mishipa ya mikono na miguu hubana ili kichwa na moyo visikose. Ndizo dalili zinazoonekana: mkojo mchache, vidole baridi, macho yaliyozama, utosi uliobonyea kwa mtoto mchanga. Upungufu ukifika kama asilimia 10 ya uzito, yaani lita moja kwa mtoto huyu, utetezi huo huanza kushindwa. Dawa inayorudisha ujazo humwokoa hata kama choo hakijakatika. Dawa inayokausha choo bila kurudisha maji haimwokoi. Aidha mchanganyiko mpya wenye chumvi na sukari pungufu, uliopitishwa mwaka 2002, umepunguza wingi wa choo kwa asilimia 20 hivi ukilinganishwa na ule wa zamani, na kutapika kwa asilimia 30. Zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au 10 kwa walio chini ya miezi 6, hufupisha ugonjwa.

Hoja ya pili: mtoto anatapika, atanywaje? Mara nyingi anatapika kwa sababu amepewa kikombe kizima kwa pupa ya kiu yake na hofu ya mama. Mwongozo ni kusubiri dakika 10, kisha kuanza tena polepole, kijiko kimoja kila baada ya dakika 2 au 3. Sehemu ya kila kijiko huvuka ukuta kabla tumbo halijarudisha kilichobaki. Ni kazi ya kuchosha, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kweli wa tiba hii. Dripu inamwachia mama mikono. ORS inamtaka akae hapo saa 4 na kijiko, wakati ana watoto wengine, moto jikoni na biashara iliyofungwa. Anayemlaumu mama huyo kwa kutamani dripu hajaihesabu siku yake.

Hoja ya tatu haina mjadala. Mtoto aliyelegea au kupoteza fahamu, asiyeweza kunywa, ambaye ngozi ya tumbo ikibanwa hukawia kurudi kwa sekunde 2 au zaidi, anahitaji dripu sasa hivi, na kumcheleweshea kwa jina la fiziolojia ni kumuua. Kwake tatizo si utumbo. Damu yake imepungua kiasi kwamba haifiki vizuri kwenye utumbo kuyachukua maji yaliyonyonywa, na muda haupo. Mtoto mwenye utapiamlo mkali naye ana kanuni zake, kwa kuwa moyo na figo zake hazibebi chumvi kama za wengine. Yeye ni wa hospitali. Hoja ya makala haya inawahusu walio wengi, wale wanaofika wakiwa bado wanakunywa. Na kuna faida ya moja kwa moja kwa waliozidiwa pia: mlipuko unapokuja, chupa, mipira na mikono ya wauguzi huhesabika, na kila dripu inayotundikwa kwa mtoto anayeweza kunywa imechukuliwa kwa asiyeweza.

Nani anamhofia nani

Mara nyingi lawama huangushiwa maduka yaliyoishiwa pakiti, au kliniki zinazofuata faida. Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Zachary Wagner na wenzake uliopima sababu hizo katika majimbo mawili ya India, Karnataka na Bihar, kwa kuwatuma watu waliojifanya wazazi wa watoto wenye kuharisha kwa watoa huduma zaidi ya 2,000. Kuishiwa pakiti kulieleza asilimia 6 tu ya kutoandikwa kwa ORS, na tamaa ya faida asilimia 5. Asilimia 42 ilielezwa na jambo moja: mhudumu aliamini kwamba mzazi haitaki. Alipotokea mzazi aliyeitaja ORS mwenyewe, mhudumu alielekea zaidi kuiandika.

India si Kisumu wala Tanga, na asilimia hizo zisibandikwe kwetu bila kupimwa. Kliniki zetu za binafsi zina gharama zao na mfumo wao wa malipo. Pengine faida ina uzito zaidi hapa. Lakini muundo wa jambo unajulikana kwa yeyote anayeijua foleni ya zahanati: mhudumu humhofia mzazi atakayeondoka akinung'unika, na mzazi humshuku mhudumu anayempa kitu kidogo. Kila mmoja anamwinamia mwenzake kwa heshima, na mtoto anachomwa sindano asiyoihitaji. Ndiyo maana nashikilia kwamba maelezo ya utumbo ni sehemu ya tiba. Kumwambia mama "mchanganyie hii" ni kumpa amri. Kumwambia kwamba utumbo wa mwanawe bado unanyonya, kwamba chumvi hii inaingia kwa sababu ya sukari hii, kwamba choo kitaendelea lakini mkojo utarudi, ni kumpa kipimo cha kupimia mafanikio. Asipojua kwamba mkojo ndio wa kutazamwa, atatazama choo, na choo kitamvunja moyo.

Wapo watakaosema hilo ni somo la chuo kikuu, haliwafai watu wa kawaida. Bangladesh imelijibu. Katika miaka ya 1980 shirika la BRAC lilipeleka wanawake nyumba kwa nyumba, kwa zaidi ya kaya milioni 12, wakiwafundisha akina mama kuchanganya chumvi ya kubanwa kwa vidole vitatu na konzi ya sukari guru katika nusu lita ya maji. Wakufunzi walilipwa kulingana na kile mama alichokikumbuka alipohojiwa baadaye. Wengi wa akina mama hao hawakujua kusoma.

Lita moja ni kiasi gani

Kazi iliyobaki ina mambo madogo yenye uzito mkubwa, na la kwanza ni kipimo. Pakiti nyingi huandikwa lita moja, na katika nyumba isiyo na jagi lenye alama, lita hukisiwa. Maji yakipungua, chumvi huzidi, na tumeshaona Ufilipino ilikuwaje. Yakizidi, sodiamu haitoshi. Ambaye hana pakiti kabisa anaweza kutumia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo, kwa lita moja ya maji safi. Mchanganyiko huo hauna potasiamu, na ni wa kuzibia pengo wakati pakiti inatafutwa. Soda na juisi za dukani zisitumike. Soda ina sukari kama gramu 10 kwa kila mililita 100, mara saba ya ile ya ORS, na chumvi karibu hakuna. Sukari hiyo ikibaki ndani ya utumbo huyavuta maji kutoka mwilini na kuongeza kuharisha. Maziwa ya mama yaendelee, na chakula pia, kwa sababu utumbo hujijenga upya kwa chakula hichohicho.

Nchini Zambia mradi wa ColaLife ulipowasikiliza wazazi vijijini, uliacha pakiti za lita moja na kutengeneza za mililita 200, zikiwekwa pamoja na zinki ndani ya chombo ambacho chenyewe ni kipimo na kikombe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliongeza ORS na zinki zilizofungwa pamoja kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hakuna sababu ya kitaalamu ya kuendelea kuuza vitu hivyo viwili mbalimbali kwenye maduka yetu ya dawa.

Jingine ni kona ya ORT, yaani ya tiba ya kunywesha. Vituo vingi vya afya viliwahi kuwa nayo: meza, maji safi, vikombe, vijiko, benchi la mama, na muuguzi wa kupita. Mtoto mwenye upungufu wa kati huhitaji mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4. Kwa yule wa kilo 10 ni mililita 750. Anywe hapohapo, aangaliwe tena saa 4 zikitimia, ndipo iamuliwe kama anarudi nyumbani, anaendelea, au anatundikiwa dripu. Mama aliyeyaona macho ya mwanawe yakirudi kwenye hali yake mbele ya muuguzi hatahitaji kushawishiwa mara ya pili. Palipo na kona zilizogeuzwa stoo, zirudishwe, na halmashauri ziziwekee fungu la maji, vikombe na saa za muuguzi, kama zinavyoziwekea chupa.